Gari limegongwa kidogo: twende kwa asiransi ao tulipe wenyewe?



Ulizo la juma hili limetoka kwa kikundi cha wamama wanaouza unga hapa Lubumbashi. Gari lao la kubebea mifuko liligonga nguzo ya depo wakati wa kurudi nyuma. Parshoki imepasuka, taa moja imevunjika. Hakuna aliyeumia. Mama mmoja anasema: «Kila mwaka tunalipa asiransi, basi nayo itulipe.» Mtunza kasha anakataa. Na pesa iliyo ndani ya kasha ni ya masomo ya watoto wa sekondari. Nani ana haki?

Tuanze na karatasi. Asiransi ambayo sheria ya Kongo inalazimisha kila gari kuwa nayo ni «responsabilité civile». Inalipa hasara tunayomfanyia mtu mwingine. Haitengenezi gari letu tukigonga nguzo sisi wenyewe. Kwa hiyo inahitajika mkataba mpana zaidi, kama ule wa «tous risques». Tangu sheria ya mwaka 2015 ilipofungua soko ambalo SONAS ilikuwa nalo peke yake, kampuni zimeongezeka na mikataba haifanani. Msome wenu. Kama mna ile ya lazima tu, mabishano yameisha: kasha italipa.

Kama mna mkataba mpana, tafuteni neno «franchise». Ni sehemu ya hasara ambayo mwenye gari anajilipia kwanza. Tuchukue mfano wa franshizi ya dola 100. Fundi akiomba dola 90, asiransi haitoi kitu. Akiomba 140, inatoa 40. Lakini kampuni zingine hupunguzia bei mteja aliyemaliza mwaka bila kuomba malipo. Kama punguzo lenu ni dola 60 na mkalipoteza, mmepata 40 na kupoteza 60. Hapo bado hamjahesabu usafiri wa kwenda ofisini na siku ambazo gari linalala bila kubeba unga. Fundi akiomba dola 600, mambo yanageuka: asiransi itatoa 500. Hapo msiogope kudai, ni haki yenu.

Basi msiamue kabla ya kuuliza bei kwa mafundi wawili. Na msitengeneze kabla ya kupiga picha na kuuliza ajansi, maana kampuni inaweza kutaka kuona gari kwanza.

Lakini hesabu hiyo ni ya parshoki na nguzo tu. Kukiwa na mtu mwingine, tusipige hesabu ya franshizi. Mtoto akiguswa na gari, hata akisimama na kucheka, apelekwe kwa muganga, polisi waandike PV, na asiransi ijulishwe ndani ya siku zilizoandikwa katika mkataba. Maumivu yanaweza kuonekana kesho yake. Tukinyamaza, kampuni inaweza kukataa kulipa, na deni la hospitali likaangukia kikundi kizima. Vilevile tukigonga gari la mwingine: mapatano ya barabarani ya franka chache yanaweza kurudi kama mashtaka.

Na kama ni mwingine aliyetugonga, asiransi yake ndiyo inapaswa kutulipa. Tuandike namba ya gari lake, jina la kampuni yake na namba ya mkataba kabla hajaondoka.

Kwa wamama wa unga, mtunza kasha ana haki ikiwa bei ya fundi haipiti sana franshizi. Yule mwingine ana haki ikiwa inaipita kwa mbali. Leteni karatasi mkutanoni, someni pamoja kwa sauti, mama asiyejua Kifaransa atafsiriwe, kisha uamuzi uandikwe katika daftari. Pesa itakayotoka kwa kasha irudishwe kidogo kidogo kutoka faida ya unga, mbele ya siku ya kulipa shule.