Kampeni Isiishie Uwanjani

Kila ifikapo Oktoba, watu duniani kote hukumbushwa juu ya saratani ya matiti. Hotuba hutolewa, ngoma huchezwa, na wanawake huhimizwa kwenda kupimwa. Jambo hili ni jema, nasi twaliunga mkono. Lakini leo twapenda kuwauliza ndugu zetu wanajeshi na polisi walioko Busia, Tororo na kando ya barabara ya Busitema: baada ya vipaza sauti kuzimwa, ni wanawake wangapi wa makambi yenu waliofika mbele ya mganga?

Swali hili si la kejeli. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba katika mwaka 2022 wanawake milioni 2.3 waligunduliwa kuwa na ugonjwa huu, na watu 670,000 walikufa kwa sababu yake. Hapa Uganda wagonjwa wengi hufika hospitali wakati ugonjwa umekwisha kuenea. Uvimbe wa mwanzo kwa kawaida hauumi, na mtu asiyeumwa haoni sababu ya kuacha shamba, soko au lindo ili akapange foleni. Ndiyo maana kampeni zahitajika. Lakini kusikia ni jambo moja, na kupimwa ni jambo jingine.

Historia ya Afrika Mashariki yatupa fundisho. Mwaka 1973 Tanzania iliendesha kampeni ya "Mtu ni Afya". Watu wapatao milioni 2 walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, wakajadiliana, kisha wakachimba vyoo. Kampeni ile ilifaulu kwa kuwa kila neno lilifuatwa na kazi, na jembe la kufanyia kazi hiyo lilikuwa nyumbani kwa msikilizaji.

Saratani haina jembe la namna hiyo. Mwanamke aweza kuyajua matiti yake na kutambua mabadiliko, lakini hawezi kujithibitishia ugonjwa wala kujitibu. Yahitajiwa mikono ya mtu aliyefunzwa. Huko Gezira, nchini Sudan, kati ya mwaka 2010 na 2012, wanawake wa vijijini walifundishwa kuwachunguza wenzao kwa mikono, na waliokutwa na dalili wakapelekwa hospitali. Wanawake zaidi ya 10,000 walichunguzwa. Hawakungoja mashine kubwa kila kijiji. Uchunguzi uliwafuata walipo, tena ukaletwa na watu wanaoaminika.

Mfano huo wafaa Busitema. Waganga na wauguzi wa makambi waweza kufunzwa kazi hiyo. Maelezo nayo yatolewe kwa Kisamia, Kiteso, Kijapadhola na Kiswahili, ili bango lisiwe pambo la ukutani tu. Hata hivyo, hapana budi tuseme ukweli mzima: kumgundua mgonjwa na kumwacha njiani ni kumwongezea hofu. Kutoka hapa hadi Taasisi ya Saratani ya Uganda, Mulago, ni safari ya kilomita kama 200. Na mwaka 2016, mashine pekee ya tiba ya mionzi nchini ilipoharibika, wagonjwa walibaki bila huduma hiyo hadi mashine mpya ilipozinduliwa mwaka 2018. Watu wakiona hayo, watazisadiki vipi hotuba? Shirika la Afya Duniani lashauri kwamba mtu mwenye dalili apate jibu kamili katika muda wa siku 60. Basi kila kampeni ipimwe kwa kipimo hicho, wala si kwa wingi wa watu waliohudhuria.

Makamanda wana wajibu hapa. Askari mwanamke mwenye dalili apewe ruhusa bila kuulizwa maswali ya kumwaibisha. Mume aliye kazini aruhusiwe kumsindikiza mkewe, na nauli isiwe kikwazo. Wanaume nao wasidhani kuwa hayawahusu: kati ya wagonjwa 200 wa saratani ya matiti, mmoja au wawili ni wanaume. Anayeona uvimbe, ngozi iliyobonyea au damu itokayo kwenye chuchu, asingoje maumivu.

Ninyi mnaoulinda mpaka mwaelewa zaidi ya wengine maana ya kuwahi. Msitu wa Busitema uliwahi kuogopwa kwa sababu ya wanyang'anyi waliowavizia wasafiri. Hawakuzuiwa kwa matangazo. Walizuiwa na doria. Adui huyu naye hujificha. Tangazo latuambia yupo, lakini atakayemkamata mapema ni yule aliyeinuka akaenda kumtafuta. Twatoa wito kwa kila askari: usiku wa leo zungumza na mkeo, mama yako au dada yako, na kama ana dalili yoyote, kesho mfuatane hadi kituo cha afya.