Mwitongo maana yake nini?



Wageni wanaopanda Butiama kuzuru kaburi la Mwalimu Nyerere huuliza kwa nini pale panaitwa Mwitongo. Juzi nilimsikia kijana akiwajibu, "Ni nyumbani kwa Mwalimu." Hilo si jibu! Kwa Kizanaki, itongo ni mahame, mahali walipokaa watu wakahama. Anayelijua neno matongo la Kiswahili atauona undugu hapo.

Na Nyerere je? Ni viwavi. Baba yake Mwalimu alipewa jina hilo kwa kuwa alizaliwa wakati viwavi vimevamia nchi. Kambarage, jina la Mwalimu mwenyewe, nalo ni la mzimu wa mvua. Mwalimu alipozaliwa mwaka 1922 mvua ilikuwa ikinyesha.

Wajukuu zangu wa Musoma hukisikia Kizanaki msibani tu. Siwalaumu, mtaani wamechanganyika na Wajita, Wakwaya na Wakuria, na Kiswahili ndicho kinachowaunganisha (Mwalimu mwenyewe ndiye aliyetaka hivyo). Ila vibao vya vijiji vyetu, kuanzia Bunda hadi Butiama, vingeandikwa na maana ya jina chini yake. Rangi kidogo tu inatosha, wazee wa kuulizwa wakiwa bado wapo.

Bibi wa Kizanaki,
Butiama, Mara