Tuwafunze Vijana Kusoma Moshi wa Gari Kuukuu

Kenya ni nchi ya magari makuukuu. Kanuni zetu za ubora haziruhusu gari lililotumika ng'ambo kuingizwa nchini iwapo limezidi miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Hata hivyo, gari la miaka 7 likishushwa Mombasa kutoka Japani, hapa huhesabiwa kuwa jipya. Sisi walimu aghalabu hulipata likiwa limekwisha kupita katika mikono mitatu au minne.

Mwaka wa 2025 rasimu ya kanuni za ukaguzi ilipendekeza kwamba magari ya kibinafsi yaliyozidi miaka 4 yakaguliwe kila mwaka. Sina ugomvi na ukaguzi, kwani breki mbovu huua. Swali langu ni hili: mwenye gari akiambiwa kuwa injini yake ni mgonjwa mahututi, atajuaje kuwa ameambiwa kweli?

Wahenga walisema kila mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Fundi mmoja, ambaye sitamtaja, aliwahi kunishauri ninunue injini nyingine kwa sababu yangu ilikuwa ikitetemeka na kukosa nguvu. Nilichukua spana, nikafungua plagi zote nne. Tatu zilikuwa na rangi ya kahawia hafifu, dalili ya afya. Ya nne ilikuwa imelowa petroli. Nikatia plagi mpya, na ugonjwa ukaisha.

Elimu hii si uchawi. Moshi wa buluu humaanisha kwamba oili inaungua ndani ya silinda, pengine kwa kuwa ringi za pistoni zimelika. Moshi mweupe mzito usiokoma hata injini ikisha kupata joto, huku maji ya rejeta yakipungua, hutuhadharisha kwamba huenda gasketi ya kichwa cha injini imeungua. Moshi mweusi hutuambia kuwa petroli imezidi hewa. Chujio la hewa na litazamwe kwanza. Mwenye kujua haya ataweza kubadilisha oili, plagi na chujio nyumbani kwake, naye akienda gereji ataenda na swali, hataenda na hofu.

Lakini kujitegemea si ujuba. Haifai kufungua kifuniko cha rejeta injini ikiwa bado moto, kwa maana maji yaliyobanwa humo hufoka na kuunguza uso. Haifai kamwe kuingia chini ya gari lililoinuliwa kwa jeki peke yake. Nayo breki na usukani tuwaachie mafundi waliohitimu, kwa kuwa kosa la plagi hukuachisha njiani, ilhali kosa la breki humwangamiza hata mpita njia asiye na hatia.

Yote haya yananirejesha shuleni. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanzishwa mwaka wa 1985 uliahidi elimu ya vitendo. Hata hivyo, shule nyingi hazikuwa na karakana wala zana, na ufundi ukafundishwa kwa chaki. Mtaala wa umilisi sasa umerudia ahadi ile ile. Je, tutatimiza safari hii, au mwanafunzi atakariri mipigo minne ya injini bila kuwahi kushika pistoni?

Si lazima tungojee mamilioni ya serikali. Injini moja iliyokufa, iliyotolewa katika gari lililotupwa, yatosha kufundishia darasa zima: fizikia ya joto na shinikizo, kemia ya uunguaji, hata hesabu ya ujazo wa silinda. Mafundi wa jua kali walio jirani na shule wanaweza kualikwa kuwa walimu wa siku moja, na heshima wapewe.

Kijana atakayefungua injini hiyo huenda asiwe fundi maishani mwake. Lakini hatadanganywa kwa urahisi, si gereji tu, bali popote atakapoambiwa na mjuzi kwamba jambo fulani ni gumu mno kwake kulielewa.