Sifuri ya maabara si sifuri

Jamani, sisi watengeneza programu tuna tabia moja mbaya: sehemu ikikosa namba, tunaijaza sifuri. Kwenye daftari la duka labda haina neno. Kwenye vipimo vya maziwa mabichi yanayoletwa Nairobi ni hatari, maana namba hiyo huonyesha usafi wa maziwa.

Nieleze kwa kifupi. Mililita moja ya maziwa yaweza kuwa na bakteria zaidi ya milioni, na hakuna wa kuwahesabu mmoja mmoja. Kwa hiyo mtaalamu huchukua mililita 1, huichanganya na mililita 9 za maji yasiyo na vijidudu, kisha huchukua 1 ya mchanganyiko huo na kuitia kwenye 9 nyingine. Akifanya hivyo mara 4, amepunguza mara 10,000. Mililita 1 ya mwisho huiweka kwenye sahani pamoja na agari, kwenye joto la nyuzi 30 kwa saa 72, halafu huhesabu vidoa vilivyoota. Vikiwa 143, zidisha kwa 10,000: kama milioni 1.4 kwa mililita. Kiwango cha Afrika Mashariki EAS 67 cha mwaka 2006 kilitaka maziwa ya daraja la kwanza yawe chini ya 200,000.

Sasa, je, sahani ikiwa tupu? Hapo jibu ni "chini ya 10,000", si sifuri. Bakteria 6,000 wanaweza kupita bila kuacha hata kidoa kimoja.

Na vidoa vikijaa hadi havihesabiki? Mtaalamu huandika maneno, programu inataka namba, sehemu inabaki wazi, nasi tunaweka sifuri. Maziwa mabaya kuliko yote yanageuka kuwa safi kuliko yote!

Maoni yangu ni haya: hifadhidata itunze idadi ya vidoa, kiasi cha kupunguza, na alama ya "chini ya" au "zaidi ya", kila kimoja kwenye safu yake. Jibu likokotolewe baadaye. Sahani yenye vidoa nje ya 30 hadi 300 ionyeshwe kuwa ni makadirio tu.

Kutoka Chiromo, wanakofundishwa kompyuta, hadi Upper Kabete, wanakofundishwa sayansi ya chakula, ni safari fupi ya matatu. Vijana, tembeleaneni kabla ya kuandika programu. Mnaonaje?