Bei ya Kumfukuza Mtu Kazi



Tajiri anapotaka kumfukuza mtu kazi, yafaa ajiulize mambo mawili: itanigharimu kiasi gani, na nimfukuze lini? Kwetu sisi mara nyingi hajiulizi hata moja, kwa kuwa bei yetu ni ndogo. Leo twawaletea habari ya mtu aliyekuwa na bei kubwa, tupate kujifunza.

Mtu huyo ni Jimbo Fisher, aliyekuwa mwalimu wa mpira wa Kiamerika katika Chuo Kikuu cha Texas A&M, huko Marekani. Siku ya Jumapili, tarehe 12 Novemba 2023, chuo kilimwachisha kazi. Jana yake tu timu yake ilikuwa imeshinda 51 kwa 10, na michezo miwili ya msimu ilikuwa imebaki. Kwa kumwondoa, chuo kilibakiwa na deni la zaidi ya dola milioni 75, la kulipwa kwa mafungu mpaka mwaka 2031. Hata akipata kazi kwingine, fedha hizo hazipunguzwi.

Mtu atauliza, mbona hawakungoja msimu uishe? Sababu ni kwamba wachezaji wapya hutia sahihi zao mwezi wa Desemba, na vyuo vingine navyo hutafuta walimu wakati ule ule. Anayechelewa humkosa mwalimu na hukosa wachezaji. Basi kungoja nako kulikuwa na bei yake. Tajiri akapima bei mbili, akachagua.

Lakini ndugu zetu, deni hilo halikuzaliwa Novemba 2023. Lilizaliwa mwaka 2021. Msimu wa 2020 timu hiyo ilishinda michezo 9 na kushindwa mmoja tu. Tajiri alipokuwa na furaha, mwalimu akapewa mkataba mpya wa kufika 2031, na ndani yake yakaandikwa malipo ya siku ya kufukuzwa. Aliyataka maneno hayo wakati alipokuwa na nguvu, wala hakungoja mpaka aitwe ofisini.

Hilo ndilo funzo letu. Wengi wetu tukipewa barua ya kazi twatazama mstari mmoja tu, ule wa mshahara. Mstari wa kuachishwa twausoma siku tunayolia. Sheria ya Kazi ya mwaka 2007 humpa mtu wa mshahara wa mwezi notisi ya siku 28, na akiachishwa kwa sababu kazi imepungua, hupata malipo yasiyopungua ya siku 15 kwa kila mwaka aliotumika. Hiyo ni sakafu, si dari. Chama kikikaa mezani na tajiri chaweza kupata zaidi ya hapo, na wakati wa kudai ni wakati kazi ni nyingi na tajiri anatuhitaji.

Hata hivyo hatusemi mambo ya huko yote ni mema. Vijana wanaogongana uwanjani hawakuwa na mkataba kama wa mwalimu wao. Mwaka 2014 wachezaji wa Chuo Kikuu cha Northwestern walitaka kuunda chama. Walipiga kura, lakini kura zao hazikuhesabiwa, na Agosti 2015 baraza la serikali la mambo ya kazi likakataa kuliamua shauri lao. Ni mwaka 2025 tu vyuo viliporuhusiwa kuwalipa wachezaji moja kwa moja, na mpaka uliowekwa kwa mwaka wa kwanza ulikuwa dola milioni 20.5 kwa chuo kizima, michezo yote pamoja. Linganisheni na zile milioni 75 za mtu mmoja aliyeambiwa asifanye kazi!

Mwalimu alikuwa na jina kubwa, akaweza kujitetea peke yake. Sisi tulio wengi hatuna jina kubwa. Jina letu ni chama. Kwa hiyo twawaomba kila mmoja aitoe barua yake ya kazi sandukuni, asome mstari wa mwisho, kisha amwonyeshe mwakilishi wake kabla ya mazungumzo ya mapatano mapya kuanza.

Umoja ni nguvu.