WAALIMU WAFUNDISHWE KWANZA

Ndugu Wanachama,

Mwaka 2016 Serikali ilianza kugawa vishikwambi katika shule za msingi. Vyombo vilikuja, mafunzo ya waalimu yakawa ya siku chache tu. Shule nyingi zikavifungia kabatini.

Sasa imekuja akili bandia. Yaweza kumtungia mwalimu wa Marani maswali ya mtihani kwa dakika moja. Tena yaweza kusema uwongo kwa lugha safi. Atakayeutambua ni mwalimu aliyefundishwa.

Mwaka 2021 waalimu walitakiwa kulipia mafunzo ya kazi yao shilingi 6,000 kwa mwaka. Desturi hiyo hatuikubali. Mfanya kazi hamnunulii tajiri wake jembe! Twadai mafunzo haya mapya yatolewe saa za kazi, kwa gharama ya mwajiri. Yasemeni haya katika kila mkutano.

Umoja ni nguvu.