Ukifika kwenye lami, toa H4

Mvua za masika zikikolea hapa Niboye, jijini Kigali, madereva wengi wa Hilux na wa Land Cruiser toleo la 70 huvuta gia ndogo hadi H4, yaani nguvu kwa magurudumu yote manne, asubuhi na kuiacha hapo hadi jioni. Wanasema barabara inateleza. Mimi kazi yangu ni kuendesha magari ya aina hiyo, kutoka Kicukiro hadi kwenye mashamba ya Bugesera, na nasema wazi kwamba desturi hii inaua magari.

Gari likikata kona, magurudumu ya mbele hupita duara pana kuliko ya nyuma, kwa hiyo hutaka kuzunguka kwa kasi zaidi. Ukiwa kwenye H2, nguvu inakwenda nyuma peke yake, na ya mbele yanajiendea. Ukiweka H4, propela shafti ya mbele na ya nyuma zinafungwa pamoja, na magari haya hayana difu ya katikati ya kuzipatanisha. Kwenye matope tairi huteleza kidogo na mvutano ukaisha. Kwenye lami tairi limeshika, haliachii; mvutano wote unabaki kwenye shafti, kroshi na meno ya gia.

Dalili zake haziji kimyakimya. Usukani unakuwa mzito, gari linasita kwenye kona kana kwamba kuna mtu amekanyaga breki, tairi zinalia, na chini kunagonga. Jirani yangu mmoja aliambiwa na fundi anunue CV jointi mbili kwa sababu Hilux yake ilikuwa ikigonga kila inapoingia getini. Nilipochungulia ndani, gia ndogo ilikuwa kwenye H4. Tulinyoosha usukani, tukarudi nyuma mita chache, gia ikarudi H2 bila kushindana. Mlio ukaisha, na fedha zake zikabaki mfukoni.

Ndiyo maana nasisitiza: kabla ya kumlipa fundi, jua mlio unatoka wapi. Ukiwa kwenye H2 na bado unasikia ka-ka-ka usukani ukiwa umekatwa sana, hapo ishuku CV jointi. Angalia kama mpira wake umechanika na grisi imerukia kwenye rimu. Mvumo unaopanda na mwendo, ukizidi unapoelemea upande mmoja, mara nyingi ni beringi ya gurudumu. Kilio kinachotoka kwenye injini usukani ukifika mwisho ni cha pampu ya usukani, na mara nyingi mafuta yake yamepungua.

Wapo watakaoniuliza kuhusu mvua. Lami iliyolowa si matope. Tena H4 haifupishi umbali wa kusimama. Breki ni zilezile na tairi ni zilezile. Anayeteremka mlima huku mvua inanyesha huokolewa na mwendo mdogo na tairi zenye meno. H4 iweke kabla ya kuingia kwenye tope, magurudumu yakiwa yamenyooka, na uitoe mara tu unapokanyaga lami. L4, gia ya mwendo wa polepole, ni ya kupanda na kuteremka kwenye miteremko mibaya, na kuiweka lazima gari lisimame kwanza. Kama gari lako lina hab za kufunga kwa mkono, kumbuka kuzifunga, la sivyo H4 haitavuta chochote mbele.

Haya hayahusu kila gari linaloweza kuvuta kwa magurudumu yote. RAV4 na Prado nyingi zimeundwa kwa mfumo mwingine unaoruhusu magurudumu ya mbele na ya nyuma kupishana mwendo hata kwenye lami. Soma kitabu cha gari lako, usiige la jirani.

Lawama kubwa siwapi madereva. Kampuni na mashirika hukabidhi gari la mamilioni ya faranga kwa mtu, na kumwonyesha mahali pa kusaini na mahali pa kujaza mafuta, basi. Nusu saa kwenye kiwanja cha udongo ingetosha kumfundisha kuweka na kutoa H4, na kusikia tofauti. Mwenye gari, mpe dereva wako nusu saa hiyo kabla ya kumpa ufunguo. Nawe dereva, ukisikia gari linagoma kwenye kona ya lami, tazama gia ndogo kwanza, kisha ndipo umtafute fundi.